Asije Akawa Mkwaju

Mwezi huu nawaandikia vumbi la Karatu likiwa bado kwenye mkoba wangu. Nilikwenda huko kumwoza binti wa mdogo wangu, na kwa kuwa mimi ndiye mama mkubwa, ilinibidi nifike juma zima kabla ya siku yenyewe, kuchambua mchele, kuhesabu sufuria za kuazima na kuamua ugomvi wa rangi ya vitenge. Jioni tulikaa jikoni. Anayeijua Karatu mwezi wa saba anajua kwamba sebule huko ni ya wageni. Wenyeji huota moto penye mafiga.

Jioni moja tulikuwa tunachambua maharage, akina mama saba na wasichana wanne. Jirani mmoja, mtu mzima, akauliza bwana harusi anafanya kazi gani. Akajibiwa kwamba ni dereva wa watalii, anawachukua Arusha na kuwapeleka kreta ya Ngorongoro. Yule mama akatikisa kichwa.

"Dereva? Angalieni asije akawa Mkwaju."

Sisi tuliovuka miaka arobaini na mitano tukaangua kicheko. Wasichana wakatazamana. Bibi harusi mwenyewe akauliza, "Mkwaju ndiye nani?"

Hapo ndipo nilipotambua kwamba tumezeeka. Binti huyu alizaliwa mwaka 1995. Mchezo wa redio uliokuwa unatufanya tuunguze ugali, yeye hakuwahi kuusikia. Basi usiku huo maharage yalikwenda polepole, maana kila mmoja alitaka kusimulia kipande chake.

Kwa wasomaji wangu vijana, nieleze kidogo. Mwezi wa saba mwaka 1993, Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD yetu, ilianza kurusha mchezo ulioitwa Twende na Wakati. Ulikuwa unasikika mara mbili kwa juma, nusu saa kila mara, wakati wa jioni. Televisheni ya taifa Bara haikuwapo bado, na redio yenyewe ilikuwa mali ya baba. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya bati, zikapata nguvu ya kutufikisha mwisho wa kipindi, na mara nyingine hazikutufikisha.

Mkwaju alikuwa dereva wa lori la safari ndefu. Nyumbani ana mke, Tunu, na njiani kila lori linapolala ana mwanamke mwingine. Alikuwa mlevi, tena mwenye maneno mengi. Mkwaju ni mti, lakini pia ni fimbo, na kwa kweli fimbo ile ilitulenga wengi. Haukupita muda mrefu jina lake likawa neno la mtaani. Mwanamume akionekana anarandaranda, wenzake wanamwuliza kama naye amekuwa Mkwaju.

Palikuwa pia na Fundi Mitindo, mshona nguo, ambaye yeye na mkewe walipanga uzazi na kuzungumza kama watu wawili wanaolala nyumba moja. Wanaume wengi walimwona ametawaliwa. Mimi nilimpenda, lakini nakiri kwamba Fundi Mitindo akiongea nilikuwa nasonga ugali, Mkwaju akiingia naacha mwiko.

Kati yetu alikuwapo mama mmoja kutoka Endulen, huko juu Ngorongoro. Yeye alisema kwao walikusanyika kwa mtu mwenye redio, naye kijana mmoja akawa anawafasiria kwa Kimasai. Lakini kijana akimaliza kufasiri maneno ya mmoja, redioni wameshasema wengine watatu. Matokeo yake, kwa muda mrefu mama huyu aliamini kwamba Mkwaju na Fundi Mitindo ni mtu yule yule, akawa anashangaa jinsi mwanamume anavyoweza kuwa mwema sana Jumatatu na shetani siku ya pili. "Nikasema, basi ni kama wa kwangu," akasema. Tulicheka hadi machozi.

Kilichotuchukua muda mrefu zaidi ni Tunu. Mnakumbuka ugomvi alioleta mwanamke yule? Mwanzoni alikuwa mnyonge, anapokea kila kitu kwa kichwa kilichoinama. Kisha akaanzisha biashara yake ndogo. Biashara ikakua, akapata fedha zake mwenyewe, na siku moja akaondoka, akahamia nyumba yake. Nchi nzima ilichafuka. Wanaume waliwaka redioni kama vile Tunu ni mke wao. Kwetu, kwenye kikundi chetu cha akina mama wa kanisa, tuliwahi kumaliza kipindi cha maombi tukabaki saa nzima nje tunabishana. Wako waliosema amevunja ndoa na asipewe hata maji. Wengine wakauliza, amekwenda kwa mwanamume gani? Hakuna. Amewatupa watoto? Hakuwatupa. Ameogopa kuletewa kifo kitandani. Hilo nalo ni kosa?

Ndipo mchezo ukatugeuzia kibao. Mkwaju akaanza kuugua ule ugonjwa, akabaki peke yake. Wale wa njiani hawakuonekana. Tunu akamhurumia, akamwuguza mpaka akafa. Waliosema amevunja ndoa wakanyamaza. Nakumbuka mzee mmoja wa kanisa, ambaye alikuwa ametukataza kusikiliza kipindi hicho kwa sababu kondomu ilitajwa watoto wakiwa wanakula, alitushangaza kwa kuuliza, "Hivi Tunu amekwisha kumsamehe?" Kumbe alikuwa anasikiliza. Pengine redio yake ilikuwa chini ya mto.

Siku hizi nimesoma kidogo juu ya mambo yaliyokuwa nyuma ya mchezo ule, na ningependa mjue, maana sisi tulidhani ni hadithi tu. Njia yake ilianzia Mexico, kwa mtunzi aitwaye Miguel Sabido, ambaye katika miaka ya 1970 alitunga michezo ya televisheni yenye watu wa aina tatu: wema, wabaya na walio katikati. Wa katikati ndiye mwenye kazi. Msikilizaji hajifananishi na malaika, wala hakubali kufananishwa na mhuni. Hujiona kwa yule anayeyumba, anayejaribu, anayechelewa. Fundi Mitindo alikuwa mwema, Mkwaju mbaya, na Tunu alikuwa sisi.

Jambo jingine lilinichekesha na kunikasirisha pamoja. Miaka miwili ya kwanza, tangu 1993 hadi 1995, mitambo ya Dodoma haikurusha Twende na Wakati. Ilirusha vipindi vingine, ili watafiti wapate kulinganisha waliosikia na wasiosikia. Basi dada zangu wa Dodoma mliokuwa mnagonga redio kwa kiganja, redio zenu hazikuwa na kosa. Watafiti walikuta kwamba mahali mchezo uliposikika, watu wengi zaidi walianza kupanga uzazi, na wasikilizaji, wanaume kwa wanawake, walisema wamepunguza idadi ya wapenzi. Mwaka 1995 Dodoma nao wakafunguliwa.

Wenzetu Waingereza ni mafundi wa zamani wa kazi hii. Mchezo wao wa redio uitwao The Archers ulianza kusikika nchi nzima mwaka 1951, chakula kikiwa bado cha mgawo baada ya vita, na nia mojawapo ilikuwa kuwafundisha wakulima kuongeza mavuno. Unaendelea mpaka leo. Majirani zetu Kenya waliufuata mfano huo walipoanza Tembea na Majira mwaka 1996. Tena Waingereza wana michezo ya televisheni ya miaka mingi, kama Coronation Street ya tangu 1960 na EastEnders ya tangu 1985, na watu wa huko hupenda kurudia vipindi vya zamani, kuangalia nguo walizovaa na mambo waliyoyaogopa. Sisi usiku ule tulirudia vya kwetu kwa midomo, na kila mmoja akasahihisha mwenzake.

Katika hiyo EastEnders yupo kijana aitwaye Mark Fowler. Mwaka 1991 watazamaji waliambiwa kwamba ana virusi vya UKIMWI. Lakini Mark hakufa mwaka ule wala uliofuata. Aliuza matunda na mboga sokoni, akaoa, akagombana na ndugu zake, akaonekana katika mchezo mpaka mwaka 2003, na habari ya kifo chake ikaja mwaka 2004. Watazamaji walimzoea miaka zaidi ya kumi mtu mwenye virusi anayefungua meza yake sokoni kila asubuhi. Sisi tulipewa Mkwaju anayekonda na kuzikwa. Simlaumu mtunzi wetu. Tangu wagonjwa wa kwanza walipotambuliwa Kagera mwaka 1983 tulikuwa tunazika tu, naye alisema ukweli wa siku zile. Ila ukweli wa siku zile tuliusimulia usiku ule kwa wasichana wa leo bila kuutengeneza, na hapo ndipo tulipokosea.

Maana tulipofika kwenye kifo cha Mkwaju, tena tukikisimulia kwa ufundi, mmoja kikohozi, mwingine kuharisha, mwingine nguo zinavyopwaya, nikaona bibi harusi ameacha kuchambua. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mchumba wake amekuwa akimwomba waende kupima pamoja, tena tangu wakati wa Pasaka, na yeye ndiye anayeahirisha. Mara mvua, mara mbaazi, mara fundi wa gauni.

Rafiki yake akamwunga mkono. "Bora usipime. Ukijua, si ndiyo basi? Si mmesikia huyo Mkwaju?"

Jiko likanyamaza. Mama wa Endulen akanitazama. Mimi nikamtazama mdogo wangu.

Hapa naomba mnivumilie nirudi nyuma kidogo. Mdogo wangu ameniruhusu niandike haya, mradi nisitaje majina. Marehemu mume wake, shemeji yangu, alikuwa dereva wa lori. Alibeba vitunguu kutoka Mang'ola, kule kando ya Ziwa Eyasi, kuvipandisha Karatu na kuvipeleka Arusha na mbele zaidi. Barabara ya lami haikuwa imefika Karatu. Kiangazi ilikuwa vumbi jekundu mpaka kwenye kope, masika lori linazama siku mbili. Dereva analala njiani, na mahali dereva analala, mama, panaota nyumba za wageni na vilabu. Sisemi madereva wote ni wabaya. Ninao ndugu madereva ninaowaheshimu, na huyu mkwe wetu mpya, aliyeomba kupima kabla ya kuombwa, ameniaibisha kwa wema wake. Lakini kazi ya barabara ina majaribu yake, na Karatu imekaa barabarani. Zamani yalikuwa malori, sasa yameongezeka magari ya watalii yanayolala mjini ili alfajiri yawahi lango la Lodoare kabla ukungu haujatoka.

Shemeji hakuupenda Twende na Wakati. Muziki wake ukianza, alitoka nje kwenda kukagua matairi. Mdogo wangu aliliona hilo. Ananiambia kwamba tangu mwaka 1994 alikuwa na swali moja mdomoni, tayari kabisa, lenye maneno machache: "Na wewe je?" Lakini kila akitaka kuliuliza, mambo yanakuja. Ameingia amechoka. Mtoto ana homa. Kesho anasafiri, tusiachane kwa ugomvi. Akazaliwa huyu binti, ikawa furaha, nani ataharibu furaha? Hakuwa na biashara kama Tunu wala mahali pa kwenda. Mwaka 1998 shemeji akaanza kukohoa. Tukasema ni kifua. Tulizika tukisema ni kifua, nami nilikuwa mmoja wa waliosema kwa sauti kubwa.

Basi usiku ule jikoni mdogo wangu aliweka ungo chini. Akamwambia yule rafiki, wala si kwa hasira, "Mwanangu, usimfundishe mwenzako hilo." Kisha akamgeukia binti yake. Akasema kwamba Tunu wa redioni aliondoka mapema, akapona. Lakini akina Tunu wengine hawakuondoka. Kila mara watu wakisema Tunu alikuwa shujaa, yeye alikuwa anasikia uchungu, kwa sababu yeye alibaki. Mkwaju wake alipokufa, hapakuwa na kipindi cha kesho yake cha kumwambia mke afanye nini.

Akasema alikwenda kupima mwaka 2005. Mwishoni mwa mwaka 2004 nchi yetu ilikuwa imeanza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo, na muuguzi mmoja alikuja kuzungumza na akina mama kanisani. Mdogo wangu aliitafakari habari ile miezi kadhaa ndipo akaenda. Akakutwa navyo. Alikuwa amebakiza kilo arobaini na moja.

"Nimemeza dawa tangu mwaka huo," akasema. "Mmekula ugali wangu, mmenifuata shambani, nani kati yenu aliniona nimelala kitandani?"

Hakuna aliyejibu. Mimi mwenyewe nilijua, kwa kuwa nilimsindikiza siku za mwanzo. Wengine wote jikoni mle hawakujua, wala bintiye.

Binti akauliza, "Na mimi?"

"Wewe nilikupima ukiwa na miaka kumi. Unakumbuka siku nilipokununulia viatu vyekundu? Nilikwambia wanaangalia malaria. Ulikuwa mzima. Nilikununulia viatu kwa sababu ya furaha."

Mama msomaji, nasimama hapa kidogo kabla sijamalizia. Ukimsimulia binti yako habari za Mkwaju, na ningependa umsimulie, maana wanaume wa barabarani hawajaisha na wanawake wanaomeza swali hawajaisha pia, umsimulie na yaliyokuja baada ya redio kuzimwa. Leo mtu akipima na kukutwa na virusi huanzishiwa dawa mapema, na kwa wengi ni kidonge kimoja kwa siku. Akizimeza bila kuruka, virusi hupungua mwilini mpaka kipimo kisivione, na mtu wa namna hiyo, akiendelea na dawa, hamwambukizi mwenzake katika tendo la ndoa. Mama mjamzito mwenye virusi, akitumia dawa na kufuata kliniki, ana tumaini kubwa la kuzaa na kunyonyesha mtoto mzima. Mambo haya hayakuwapo mwaka 1993. Yangekuwapo, labda Mkwaju angekuwa babu mmoja mkorofi anayekaa kibarazani akiomba msamaha, na Tunu akimpelekea uji kwa kununa. Naona hata mchezo ungenoga zaidi.

Nao wakwe zetu vijana tusiwapokee kwa jina la Mkwaju kabla hawajakosa. Yule jirani aliyeanzisha utani alijuta, akampelekea bwana harusi kuku mzima siku ya pili bila kueleza sababu. Kijana wa watu akashukuru sana, akadhani ni mila ya Karatu.

Turudi jikoni. Baada ya maneno yale hakuna aliyejua aseme nini. Mama wa Endulen alianza kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini, kwa Kimasai, nasi tukaufuata kwa Kiswahili, kila mmoja na maneno yake. Yule rafiki wa bibi harusi alikuwa analia na kuendelea kuchambua, na nadhani mawe mengi yalirudi kwenye maharage usiku huo. Binti akauliza kituo cha afya kinafunguliwa saa ngapi. Akaambiwa. Akachukua simu yake, akatoka nje kwenye baridi, tukamsikia anazungumza na mchumba wake akitembea huku na huku penye mabanda ya mbuzi.

Aliporudi ilikuwa karibu saa tatu. Miaka yote, saa tatu usiku ikifika, mdogo wangu husema anakwenda kuangalia kama mlango wa mbuzi umefungwa. Watoto wake wamekua wakijua kwamba mama yao ana wasiwasi na mbuzi. Simu yake ikalia pale kwenye mfuko wa kitenge, mlio ule ule wa kila siku. Akaizima. Hakuinuka.

"Mwanangu," akasema, "niletee maji kwenye kikombe."